Pua yangu haisikii pilipili manga na bado nauza Syrah

Mi ni weita kwenye hoteli moja hapa Moshi, wateja wetu wengi ni wale walioshuka Kilimanjaro jana yake, wanataka nyama na waini nyekundu basi. Kipindi tunafundishwa waini, mwalimu akamimina Syrah ya Ufaransa, waini nyekundu ya zabibu za jina hilo hilo, akasema nuseni, wenzangu wote "pilipili manga, pilipili manga", mi nimechomeka pua mpaka inagusa glasi, hola. Nasikia matunda meusi na kamoshi fulani hivi kama ka ndizi zimechomwa. Nikadanganya, nikasema eeh hata mi naisikia.

Uongo ukanifikisha mbali mpaka siku mteja akataka Syrah yenye pilipili, nikampelekea Shiraz (Syrah kwa jina la Australia) ya Barossa, huko huko Australia, kwa kubahatisha, akaonja akasema hii jamu. Dada wa kaunta akanivuta pembeni, "mdogo wangu, we husikii eeh?" Akanisagia pilipili manga kiganjani, nikavuta, nikapiga chafya mbili, harufu yenyewe ilikuwa ka majani makavu tu.

Nikaingia mtandaoni usiku huo huo. Kumbe mwaka 2008 watafiti wa Australia walikibaini kitu kinaitwa rotundoni, ndo kinachotoa hiyo harufu kwenye pilipili manga na kwenye Syrah, na kwenye watu waliowapima karibu mmoja kati ya watano hakuisikia kabisa. Jamani nilicheka mwenyewe kitandani.

Basi ikabidi nitafute njia ya kupita bila pua. Syrah na Shiraz ni zabibu ile ile, kwao ni bonde la Rhône kule Ufaransa, ule upande wa kaskazini, sehemu ka Côte-Rôtie, Hermitage, Cornas, huko wanalima kwenye miteremko mikali ka ya Kibosho na zaidi. Wengine watakwambia imetoka mji wa Shiraz kule Irani, porojo, maana vipimo vya DNA vya 1998 vilionyesha wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zote za Ufaransa. Australia ilifikishwa miaka ya 1830 na jamaa anaitwa James Busby. Sasa Barossa kuna joto, zabibu inaiva sana, sukari inapanda, kilevi nacho kinafika asilimia 14.5 au 15, mdomoni nzito, tamutamu ka zambarau zilizopitiliza. Rhône kuna baridi zaidi, waini inakuwa nyepesi kidogo, ina ukali wa limau, harufu ya zeituni na nyama ya kukausha, na hiyo rotundoni inapenda baridi. Kwa hiyo mi nasoma lebo, nikikuta 13 najua hapa wenye pua zao watapata pilipili. Afrika Kusini ndo wanichanganya, wanatengeneza za aina zote mbili, ila aliyeandika Syrah mara nyingi anafuata Wafaransa na aliyeandika Shiraz anafuata Waaustralia, sio sheria lakini.

Halafu hii ya "waini nyekundu usiweke friji" Moshi isahau bana, Februari chupa ikikaa shelfu ni kilevi kitupu puani, mi naipa friji dakika 20 ndo naifungua.

Siku hizi mteja akiniuliza ina pilipili, namwambia ukweli, mi siisikii, nusa uniambie. Ikija chupa mpya dada ananusa, mi nasoma asilimia.