Injini kugonga tak tak asubuhi: jinsi nilivyotatua

Hatimaye gari letu limetulia. Hapa Mbeya baridi ya Juni ikikaza, ukiliwasha tu linagonga tak tak tak, ukikanyaga mafuta ndiyo kabisa. Likishapata moto, kelele inapungua. Nilibadilisha oili, kisha plagi. Wapi!

Fundi mmoja wa Mwanjelwa akataka alikute likiwa limelala, la baridi. Akaliwasha, msaidizi wake akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa sekunde chache tu, yeye akapulizia maji ya sabuni pale manifodi, bomba la kukusanya moshi wa injini, inapoungana na injini. Povu likatoka upande mmoja, penye kamstari ka masizi kembamba kama wanja. Gasketi, kile kizibo chembamba cha kwenye maungio, imeungua, nati moja imelegea; moshi unaopenya hapo ndio unaogonga. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba upenyo, ndiyo maana mchana gereji walikuwa hawasikii kitu.

Akakwangua uso wote wa maungio ukang'aa, akaweka gasketi mpya, akakaza nati kuanzia za katikati kwenda pembeni. Injini ikapata moto, ikapoa, akakaza tena. Hapo msimharakishe fundi.

Ile harufu ya moshi ndani, tuliyodhani ni ya malori ya Tunduma, nayo imekwisha.