Kochi akiondoka katikati ya sizoni, mpeni asistanti

Kila timu ikipoteza kochi katikati ya sizoni utasikia maneno yale yale, ooh sizoni ishaharibika, ooh vijana watakata tamaa, mara tutafutiwe mtu mkubwa kutoka Mombasa ama Nairobi aje atuokoe. Mwaka huu nimeyasikia mpaka nimechoka, manake timu ya basketi ya chuo chetu hapa Malindi ndo yaliyowakuta, na mimi ndo nashika kitabu cha skoa kwa hivo nakaa benchi, sihadithiwi. Sasa acha niseme langu, asiyekubali aje tubishane pale kwa mama wa viazi karai.

Ilikuwa hivi. Tuko nusu ya ligi, tumeshinda kuliko tulivyofungwa, kochi akapata kazi Nairobi. Simlaumu wallahi, mtu alikuwa akipewa posho ya nauli tu, na hio nayo ikija imechelewa, na ana watoto. Kilichoniudhi ni vile chuo kilivolishika hilo jambo. Wachezaji wamejulia kwenye grupu ya wasapu, mesej mbili, ya kwanza kochi ametuacha tumtakie kila la heri, ya pili inauliza nani ana funguo ya stoo ya mipira. Kapteni akajibu kwa emoji moja tu, siiweki hapa kuna watoto wanasoma.

Basi timu akaachiwa asistanti. Huyu bwana ni fundi wa wekshopu pale pale chuoni, mtu wa makamo, maneno hana, sote twamwita Fundi. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuwapasha vijana moto, kujaza mipira pumzi, na kumshika kochi mkono akitaka kumrukia refa. Akaambiwa ashikilie kwa muda. Hio kwa muda ndo mpaka sai.

Binamu yangu wa Shela, ambaye basketi anaijua ya kwenye simu lakini anaijua kweli kweli, akanipigia jioni ile ile, nyinyi mshakwisha. Nikamwambia we binamu, umeisahau Texas mara hii?

Kwa wasiofuata mambo ya vyuo vya Marekani, niwape kwa ufupi, ijapokuwa mimi na ufupi hatuelewani. Desemba 2022 timu ya Chuo Kikuu cha Texas ilikuwa imeshinda 7 imefungwa 1, wanahesabiwa kati ya timu kali za nchi nzima. Tarehe 12 kochi wao Chris Beard akakamatwa kwa tuhuma za vurugu nyumbani, chuo kikamsimamisha siku hio hio, na 5 Januari 2023 wakamfuta kazi kabisa. (Kesi yenyewe ilikuja kufutwa Februari, mimi huko siingii.) Sasa fikiria, asubuhi kochi kakamatwa na usiku wake mna gemu. Walikuwa wanacheza na chuo cha Rice, asistanti Rodney Terry ndo akasimama pale mbele, wakasukumwa mpaka ovataimu na wakatoka na 87 kwa 81. Kuanzia usiku ule mpaka mwisho wa sizoni Terry alishinda 22 akafungwa 8. Tarehe 11 Machi fainali ya Big 12, ligi yao, wakamtandika Kansas 76 kwa 56. Na hapo kuna kitu watu walikipita tu, Kansas nao siku hio walikuwa wameongozwa na asistanti, Norm Roberts, kwa sababu kochi wao Bill Self alikuwa amelazwa mambo ya moyo. Yaani fainali ya ligi ngumu kama ile, benchi zote mbili makaimu watupu!

Mimi na binamu ile Machi tuliifuata kwa sababu ya Ramadhani, tuseme ukweli. Usiku uko macho, tarawehe imeisha, kahawa ipo, bando la usiku bei rahisi, utafanya nini. Gemu ya Texas na Xavier, kwenye mashindano ya ubingwa wa vyuo vya nchi nzima, ilianza karibu na saa kumi na moja kasorobo alfajiri yetu, tushakula daku, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na adhana ikatoka gemu ndo kwanza imepamba moto. Binamu akataka kuswalia pale pale sebuleni ili asipitwe, mamake akamtoa mbio msikitini. Kurudi tukakuta Texas washawaacha mbali, ikaisha 83 kwa 71. Shikilia hapo jina la kochi wa Xavier, Sean Miller, nitalirudia.

Siku mbili baadaye, saa sita ya usiku, wakakutana na Miami na hapo ndo safari ikakatika. Texas walikuwa juu kwa pointi 13 kipindi cha pili, wakalegea, wakafungwa 88 kwa 81. Jordan Miller wa Miami alirusha 7 za uwanjani akaingiza 7, akarusha 13 za faulo akaingiza 13, pointi 27 bila kukosa hata moja, sasa mtu kama huyo utamfanyia nini. Binamu mpaka leo anasema angekuwepo kochi mwenyewe ile 13 isingeyeyuka. Mimi nasema angekuwepo Dylan Disu. Disu ndo aliyewapiga Penn State pointi 28 raundi ya pili, mguu ukamtoa mapema kwenye ile ya Xavier, na Miami akawaangalia akiwa amekaa. Halafu benchi la Miami kulikuwa na Jim Larrañaga, mzee wa miaka 73 mwenye ukocha wa miongo, si kijana wa kutishwa na pointi 13.

Sasa kwa nini Texas haikuanguka Desemba? Watu watakwambia roho, sijui umoja. Haya, lakini angalia wale wachezaji wenyewe. Marcus Carr alishapita Pittsburgh na Minnesota kabla ya Texas, Timmy Allen alitoka Utah, Sir'Jabari Rice alitoka New Mexico State. Hao ni watu wazima, wengine mwaka wa tano wa sita chuoni kwa sababu ya ule mwaka wa ziada wa korona, washafundishwa na makochi tofauti tofauti, kochi kuondoka kwao si kiama. Na Terry naye hakuwa mbeba maji, alishakuwa kochi mkuu Fresno State na UTEP, akakubali kushuka kuwa asistanti Texas 2021. Kwa hivo alipoambiwa shika, alijua pa kushika na akajua pia pa kuacha. Hapa pa kuacha ndo pana kesi yangu yote.

Kwetu sisi hatuna mchezaji wa mwaka wa sita, tuna watoto wa miaka 19, 20, kochi huyu ndo wa kwanza walomjua. Kwa hivo ningeogopa sana mtu mgeni. Kochi wetu seti zake, ile mipango ya uwanjani, alizipa majina ya huku huku, Mambrui ni ile ya skrini juu halafu pointi gadi anaingia ndani, Gede ni ya kumkata beki mgongoni, Watamu ni zoni, kila mtu analinda eneo lake. Ukipiga kelele Gede, watoto miguu inakwenda yenyewe kabla kichwa. Mtu mkubwa wa Nairobi angekuja na majina yake ya Kizungu na daftari lake na wiki tatu tungekuwa tunafundishana majina huku tunafungwa. Fundi hakugusa hata jina moja.

Ubao hakuwa nao, ubao ulikuwa wa kochi mwenyewe na ulipanda basi naye. Taimauti ya kwanza ya Fundi vijana wamemzunguka, wote wanangoja hotuba, na mimi pia shingo nimeitoa. Akatoa mfukoni ile chaki nyeupe ya kuwekea alama vyuma, akachuchumaa, akachora kwenye sementi mistari minne na duara moja, akamwambia senta "wewe hapa, si pale", akasimama akajifuta magoti. Ishaisha. Sekunde zimebaki watu wanaangaliana. Senta akaenda hapo hapo alipoambiwa na ribaundi tatu mfululizo zikamwangukia mkononi. Refa alilalamika kidogo kuhusu uwanja kuchorwa, akaambiwa kitafutika, na kilifutika kweli kwa jasho na viatu.

Kitu alichobadilisha ni muda wa mazoezi, basi. Uwanja wetu uko wazi, na huu ulikuwa msimu wa kusi, aliyewahi kurusha mpira Malindi saa kumi jioni mwezi wa saba anajua nasema nini. Ringi ya upande wa bahari ukirusha kutoka mbali mpira unafia njiani, na ringi ya pili unapeperushwa unapita juu ya ubao. Watoto walishazoea kurusha kwa hasira. Fundi akaleta mazoezi saa kumi na mbili asubuhi upepo umelala, kila siku isipokuwa Alhamisi, Alhamisi jioni makusudi kabisa kwenye upepo wenyewe. Tulinung'unika sana manake alfajiri si ya mpira ni ya kulala, lakini mikono ikaanza kunyooka na kila mtu aliona.

Binamu naye si mtu wa kushindwa hivi hivi, akanirushia Morans, timu ya taifa ya Kenya. Na Liz Mills je? Nakubali hio ni hoja. Timu ya taifa ilicheza dirisha la kwanza la kufuzu AfroBasket Novemba 2020 kule Kigali chini ya Cliff Owuor, halafu kati kati ya mashindano yale yale akaletwa Liz Mills, Muaustralia, mgeni kabisa, na Februari 2021 Yaoundé wakampiga Angola 74 kwa 73 kwa ile rusha ya mwisho ya Tylor Ongwae, king'ora kinalia mpira uko hewani. Kenya ikarudi AfroBasket mara ya kwanza tangu 1993. Nililia, sioni haya. Lakini binamu, kati ya Novemba na Februari hakukuwa na mechi ya kufuzu hata moja! Mgeni alipata nafasi ya kuwaza, kuchagua watu wake, kuweka mambo yake. Sisi tuna gemu kila wikendi. Ungempa Liz Mills timu yetu Jumatano acheze Jumamosi, angefanya alichofanya Fundi, angeacha Gede iitwe Gede.

Na kama wataka mfano mkubwa kuliko yote chukua Michigan 1989, kochi Bill Frieder katangaza anaenda Arizona State na mashindano yale ya ubingwa wa vyuo yanaanza siku mbili mbele, mkuu wa michezo Bo Schembechler kasema basi nenda sasa hivi, timu kapewa asistanti Steve Fisher ambaye hajawahi kuwa kochi mkuu wa chuo hata gemu moja. Akashinda sita mfululizo, fainali 80 kwa 79 ovataimu dhidi ya Seton Hall, Rumeal Robinson kwenye laini ya faulo zimebaki sekunde tatu anaingiza zote mbili. Ubingwa. Kazi wakampa.

Sisi ubingwa hatukuchukua, nisiwadanganye. Tulifika nusu fainali, tukachezea Makande Mombasa, ndani ya ukumbi, na huko tulikutana na kitu ambacho hatukukipangia. Shuta wetu amekulia kwenye upepo, mkono wake unaongeza nguvu wenyewe, ndani ya ukumbi upepo hakuna, rusha zake zote za kwanza zinagonga nyuma ya ringi. Fundi akamtoa, akamkalisha karibu yake, nikamsikia anamwambia "leo bahari haiko, mwanangu, punguza". Kipindi cha pili alizipata, lakini wenyewe walishaondoka na gemu. Tulifungwa na timu nzuri.

Sasa chuo kimeweka tangazo la kazi ya kochi, wanataka cheti na uzoefu. Fundi cheti hana. Binamu akanikumbusha ya Terry, na hapo alinikamata kidogo: Texas walimpa Terry kazi moja kwa moja siku ya pili tu baada ya kufungwa na Miami, miaka mitano kwenye mkataba, na Machi 2025 wakamtimua. Wakamweka nani? Sean Miller, yule yule wa Xavier aliyefungwa na Terry wakati sisi tuko msikitini. Kwa hivo ndio, kaimu mzuri si lazima awe kochi mzuri wa kudumu, kujenga timu upya kila mwaka na kusaka wachezaji ni kazi nyengine kabisa. Lakini Terry alipewa nafasi aonekane. Fundi hata posho ya nauli hajaongezwa, na makochi kozi zao zipo, mlipieni akasome kama cheti ndo tatizo, gharama yake haifiki hata nusu ya zile jezi mpya zenye rangi mbaya.

Wachezaji wameandika barua, mimi ndo nimeitaipu, imepelekwa ofisini ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu bado. Fundi mwenyewe hatujamwambia kitu, na akiisoma hapa najua atanuna siku mbili, kisha atatupangia mazoezi ya saa kumi na moja badala ya kumi na mbili.