Mtoto wa mbwa katika nyumba isiyo na mtu mchana

Pale kwetu Magomeni, Mtwara, ukisema kwamba kule Leeds, Uingereza, ninakoishi, unamlipa mtu paundi 10 hadi 15 aje nyumbani kwako saa 6 mchana amtoe mbwa akakojoe, watu wote barazani wanacheka mpaka mmoja anapaliwa na chai. Nimelisema hilo likizo hii, na jirani yetu, bi mkubwa wa watu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, na wewe ukibanwa kazini, nani anakulipia?"

Tucheke, lakini hesabu yenyewe haina utani. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili habani mkojo zaidi ya saa 2 au 3. Kwa makadirio ni saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, na pengine moja ya nyongeza. Mimi nahudumia wazee, zamu inaanza saa 1 asubuhi, na mume wangu anashinda kwenye ghala la mizigo. Hakuna mafunzo yatakayomfanya kiumbe yule asubiri hadi jioni. Hata mbwa mzima, mashirika ya ustawi wa wanyama Uingereza yanashauri asiachwe peke yake zaidi ya saa 4. Kwetu halijawahi kuwa tatizo kwa sababu mbwa analala uani, na uani hapakosi mtu: huyu anabangua korosho, yule anaosha ming'oko, mtoto wa jirani kaja kuomba chumvi akabaki hapo hapo. Kule mtu wa kushinda nyumbani ni wa kununua, tena kwa saa.

Basi tulijipanga. Jikoni penye vigae tuliweka uzio wa chuma wa kukunja, upande mmoja kitanda chake na maji, upande wa pili zile pedi za kukojolea. Mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo akipata nafasi husogea. Kizimba kidogo cha kufunga kinafaa usiku, au unapokwenda kuoga, lakini kumfungia humo kutwa ni ukatili, na kunaharibu pia: akishalazimika kulalia mkojo wake, kile kinyaa alichozaliwa nacho kinamtoka, na kukirudisha ni kazi. Pedi nazo zina ubaya wake, maana zinamzoesha kwamba ndani panaruhusiwa. Ndiyo sababu tulizisogeza kidogo kidogo kuelekea mlango wa nyuma, mwishowe zikatoka nje kabisa.

Asubuhi unambeba. Usimwache atembee, atamwaga njiani kwenye zulia. Unamtua pale pale pa jana, harufu imkumbushe, unatamka neno moja tu, halafu unasubiri kwenye baridi ya Februari na kanga juu ya jaketi. Akimaliza, papo hapo, kipande cha kuku na sifa. Ukingoja mpaka mrudi jikoni, anadhani anasifiwa kwa kurudi jikoni. Chakula nacho kina saa zake, mara 3 au 4 kwa siku kwa umri ule, maana kinachoingia kwa ratiba hutoka kwa ratiba. Baada ya kula, baada ya kuamka, baada ya kucheza, nje. Akianza kunusa sakafu huku akizunguka, acha sufuria, mnyanyue.

Mtu wetu wa mchana ni mstaafu wa mtaa ule ule. Nilimwomba atumie neno langu, mbwa asichanganyikiwe. Kwa hiyo mzee wa Kiingereza anasimama uani kwangu akibembeleza "kojoa, kojoa", na jirani wa pili alishaniuliza kama hilo ndilo jina la mbwa.

Usafi una siri moja: dawa zenye amonia kwa pua ya mbwa zinanuka kama mkojo, zinamwita arudie. Sabuni ya unga ya kufulia, ile yenye vimeng'enya (enzymes) vya kuvunjavunja uchafu, inaondoa harufu yenyewe. Na ile desturi ya kumsugua pua kwenye kojo, au kumchapa kwa dimbwi ulilolikuta jioni, mimi siioni faida yake. Hawezi kuunganisha kofi la jioni na kojo la saa 4 asubuhi. Anachojifunza ni kwenda nyuma ya kochi usipomwona.

Sasa hapa Mtwara nimekutana na kesi ile ile. Mtoto wa kaka yangu ni mwalimu, mkewe muuguzi, wamejenga Naliendele, ukuta na geti, na hawana msichana wa kazi. Wamechukua mtoto wa mbwa wa ulinzi, wanamfungia kwenye veranda ya vigae, jioni wanakuta balaa. "Shangazi, huyu mbwa mchafu." Mchafu wapi! Nyumba yao ni ya Leeds iliyojengwa Mtwara.

Afadhali wao wana mchanga. Nimewaambia wazungushie uzio chini ya mkorosho, penye kivuli hata jua la mchana linapohama, na maji kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Veranda ni mpaka awepo mtu. Kijana wa jirani akitoka shule apite amlishe, na apewe chochote mwisho wa wiki, maana kazi ya undugu husahaulika siku ya mpira. Lakini kwanza wamuulize mama yake. Pwani yetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate na mkojo wa mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Usimtie mtoto wa mtu kwenye usumbufu huo bila idhini. Na chanjo ya kichaa cha mbwa wasiikawize, akifikisha miezi 3 wamwone mtu wa mifugo. Kwetu ugonjwa huo upo.

Mtoto wa kaka akaniuliza mafunzo yatachukua muda gani. Wengi hushika wakifika miezi 4 hadi 6, wengine hukaribia mwaka. Mkewe akadakia kwamba wiki ijayo anaingia zamu za usiku, mchana atakuwa ndani amelala. Nikamwambia aliyelala anatosha, bora ausikie mlango ukikwaruzwa. Basi wanaanza Jumatatu.