Ndara Moja Imebaki Gazi

Mpakani Horohoro nilibadilishiwa fedha kwa bei ya kuibiwa, na matatu iliyonishusha njia panda ya Gazi, kijiji cha pwani ya Kenya, ilinibana magoti mpaka nikasahau kama nina miguu. Mwenye bodaboda alipoisikia lafudhi yangu ya Tanga akapandisha nauli papo hapo. Nikalipa. Nilikuja kuona mikoko, si kugombana.

Saa moja baadaye nilikuwa nimezama topeni, ndara moja imemezwa. Mama aliyekuwa akinitembeza akacheka: "Mwanangu, huku hakuingiwi na ndara!"

Aliyenivuta ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mwembamba mwenye utepe wa kupimia miti na daftari lililolowa. Nilidhani unene wa mti hupimwa popote. Kumbe miti mingi hupimwa mita 1.3 kutoka chini, ila mkoko, kwa ile mizizi yake iliyosimama kama miguu ya kaa, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Vipimo hivyo hupigiwa hesabu ya hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti, na hiyo ndiyo vijiji vya Gazi na Makongeni vinayouza kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, hekta 117, vikisaidiwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wa chuo kikuu cha Edinburgh Napier. Fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Bila utepe ule, nani angenunua?

"Mbona kule mbele baharini hampandi mkoko?" nikauliza.

"Mkoko utakufa, kaka. Kule ni kwa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko wenyewe unakaa nyuma yake, kisha mkandaa, aina nyingine tena."

Nikanyamaza. Sisi chuoni tulipelekwa kwa basi, fulana mpya kifuani, tukachomeka mbegu za mkoko palepale mawimbi yanapopiga. Tukapiga picha. Bamvua la kwanza likazoa zote. Hakuna aliyerudi kuhesabu. Bango ndilo lililodumu. Mimi mwenyewe niliandika ripoti ya siku ile, nikapewa A.

Kijana akanionyesha miti mirefu upande wa pili wa ghuba. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kuwa kuni za viwandani. Watafiti wakaanza kupanda upya miaka ya 1990. Baadhi ya miti anayoipima imemzidi umri, na kila mmoja una namba yake daftarini.

Nilirudi barabarani mguu mmoja peku. Bodaboda yuleyule akautazama ule mguu, akapandisha bei tena.