Bosi, hilo ni swali au ni agizo?

Kuna swali linaulizwa kila kikao na sijawahi kuliona likileta kitu cha maana. Ni lile la mwisho kabisa, watu washaanza kufunga laptopu, kiongozi anaangalia saa halafu anasema "haya, kuna mwenye swali?" Kimya. "Basi tuko pamoja." Hatuko pamoja bwana, baadaye ndo inakuja kujulikana nusu ya timu walielewa kitu kingine kabisa na nusu nyingine hawakuelewa ila waliogopa kuchelewesha wenzao.

Tumekua tukiambiwa kuuliza si ujinga, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini angalia methali hizo huwa anaambiwa nani. Anaambiwa mtoto, mwanafunzi, mgeni kazini. Mkubwa yeye anategemewa aje na majibu, akiuliza watu wanaona kapungukiwa, kwa hiyo wakubwa wengi wakiuliza wanauliza ili ionekane kwamba wanajua. "Hamuoni kwamba ingekuwa bora tuanze na wateja wa zamani?" Jamani, hilo ni agizo, limewekewa tu alama ya kuuliza mwishoni. Na mimi sina tatizo na agizo, kiongozi ana haki ya kuagiza, agiza tu kiume tuendelee na kazi. Tatizo ni kunifanya nijibu kitu ambacho jibu lake limeshapangwa.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: kabla hujauliza jiulize kama kuna jibu lolote linaloweza kukufanya ubadilishe uamuzi. Kama halipo, funga mdomo au toa agizo.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Ripoti inatakiwa Ijumaa. Bosi anapita mezani kwa mtu, "Ijumaa tuko sawa, eti?" Unategemea mtu ajibu nini? "Tuko sawa mkuu." Hata kama data za idara nyingine hazijafika, hata kama mwenzake anaumwa, atasema tuko sawa maana swali lenyewe limeshamchagulia jibu, kazi yake ni kuitikia tu. Sasa huyo huyo bosi angeuliza "nini kinaweza kufanya tusifike Ijumaa?" hapo lazima mtu afikirie, na kutaja tatizo kunakuwa ndo kujibu vizuri badala ya kuonekana analalamika. Atakwambia zile data hajazipata na ameshaomba na hajajibiwa, na wewe kwa cheo chako unapiga simu moja inaisha.

Kwamba maneno ya swali yanabadilisha jibu, hilo lilishapimwa zamani. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer kule Marekani walionyesha watu filamu za ajali za magari halafu wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Wengine waliulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana", wengine "yalipogusana". Ajali ni zile zile, lakini waliosikia kubamizana walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa, waliosikia kugusana 31.8. Na kwenye jaribio jingine, wiki moja baadaye, waliosikia neno zito walikuwa wengi zaidi kusema waliona vioo vimevunjika, wakati hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika kwenye filamu. Sasa hao hata hawakuwa wanamuogopa aliyeuliza! Ongeza hapo mshahara na tathmini ya mwisho wa mwaka uone.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, walikuwa kwenye kikao cha simu na watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, na walishauri chombo kisirushwe kwa sababu baridi ilikuwa kali na zile pete za mpira za kuziba maungio zingekakamaa. Kawaida swali la kikao kama hicho ni "mna uhakika ni salama?" na usipokuwa na uhakika hairushwi. Usiku ule, kwa maelezo ya wahandisi wenyewe kwenye uchunguzi, walijikuta wanatakiwa kuthibitisha kwamba si salama. Yani swali liligeuzwa, na wao ushahidi waliokuwa nao haukutosha kwa swali hilo jipya, kwa hiyo mabosi wa kampuni wakabadilisha ushauri na asubuhi chombo kikarushwa. Sekunde 73 tu baada ya kuruka kikasambaratika, watu 7 wakapoteza maisha. Data zilikuwa zile zile, ila mzigo wa kuthibitisha ulihamishiwa kwa mtu mwenye wasiwasi. Hii naiona kila siku kwenye vitu vidogo, mtu anasema "nina wasiwasi na huyu sapulaya" anajibiwa "una ushahidi?" na yanaishia hapo. Ungemuuliza ameona nini kilichomtia wasiwasi.

Halafu kuna "kwa nini". Watu wanapenda kutaja ile staili ya Toyota ya kuuliza kwa nini mara tano, na ni nzuri kweli, ila mfano wa Taiichi Ohno mwenyewe, mhandisi wa Toyota aliyeieneza staili hiyo, ulikuwa wa mashine iliyosimama: fyuzi imeungua kwa sababu mzigo ulizidi, beringi haikupata oili ya kutosha, pampu haivuti vizuri, shafti imelika, hakuna chujio kwa hiyo vyuma vidogo vimeingia. Umeona, hakuna mtu hapo. Ukimuuliza mtu "kwa nini umechelewesha?" mara tano mfululizo hiyo ni kesi ya polisi, atatafuta utetezi tu. Muulize ilikwendaje, akuhadithie kuanzia mwanzo, sababu utaiona mwenyewe humo ndani.

Na ukiuliza, subiri. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima walimu darasani akakuta wengi wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia, wakisubiri tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na wanaokaa kimya wanapungua. Sekunde tatu za kimya kwenye kikao ni ndefu, najua, kunywa maji.

Jibu baya likija ndo kila mtu mezani anakuangalia usoni. Ukikunja sura, au ukianza na "lakini", hutaambiwa tena, na hakuna ufundi wa swali utakaokusaidia. Sema asante, uliza "unashauri tufanyeje?", andika. Na tafadhali, ile ya kumuuliza mtu kwenye grupu la kazi mbele ya wenzake wote "vipi, ile kazi umemaliza?" acheni, mfuate inboksi.