Siku kaboni 14 iliponiumbua

Kwakweli semina ile nilifuata posho, nisiwe mnafiki. Siku tatu pale Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, Posta, walimu wa sayansi tumechanganywa na wale wanaotembeza wageni. Mi nikapangwa na dada mmoja mpole kasoma historia, kila akigusa fizikia anasema "mwalimu utanisahihisha", basi kichwa kikavimba.

Siku ya pili tukapewa nakala ya fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, lile aliloliona mtafiti Mary Leakey kule Oldupai tarehe 17 Julai 1959, tuandae maswali ambayo mtoto atayajibu kwa kuliangalia tu bila kusoma kibao. Mwezeshaji alikuwa hataki mahubiri, ukianza tu "hili ni fuvu la..." anakukata. Tukahangaika na yale magego makubwa, na ule mfupa uliosimama juu ya utosi ambao misuli ya kutafunia ilishikilia hapo. Afu dada akauliza, mtoto akitaka kujua tumejuaje lina miaka milioni 1.75 tumwambieje? Mi nikadaka fasta, kaboni 14, ile iliyomo kwenye mifupa inayopungua kadri miaka inavyokwenda, nikaiandika kwenye flipchati kwa maka peni nyekundu, herufi kubwa.

Akanyamaza kidogo. "Samahani mwalimu, hafu laifu yake si miaka 5,730?"

Jamani. Mimi ndo nafundisha hafu laifu fomu foo, yani muda wa kitu kupungua nusu, yale maswali ya nusu ya nusu nayafanya hata usingizini! Nikatoa simu nikagawa milioni 1.75 kwa 5,730, ikaja 305 na ushee, yani kaboni imepungua nusu mara 305, hapo hakuna kilichobaki, wakati hata ikifika miaka elfu 50 tu kuipima ni shida. AC inapuliza na mi jasho linanitoka.

Kumbe kuna mtoto wa darasa la saba alishamuuliza akakosa jibu, akaenda kusoma. Akanieleza kilichopimwa wala sio mfupa, ni majivu ya volkano ya tabaka lile. Ndani yake kuna potasiamu 40 inayogeuka agoni polepole mno, hafu laifu yake miaka bilioni 1.25. Jiwe likiwa bado uji wa moto gesi ya agoni inatoroka, likishaganda inaanza kujikusanya upya, kama ndoo uliyoiweka tupu chini ya bomba linalovuja, ukipima maji unajua limevuja muda gani. Huo mfano wa ndoo niliuiba palepale na mpaka leo nautumia kama wangu.

Ile flipchati niliichana mwenyewe, kabla mwezeshaji hajafika mezani kwetu.

Jumatatu nikaingia fomu foo nikawaambia fungueni madaftari, pale nilipowaandikisha fuvu la Oldupai na kaboni 14, kateni. Kimya. Afu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Ticha, na kaka yangu aliyemaliza mwaka jana, nikamwambie?"

Nikamwambia kamwambie.