Z ya Mjerumani

Laptopu yangu niliinunua Kariakoo, mtumba kutoka Ujerumani. Bei ilikuwa poa na betri inakaa, kwa hiyo kibodi wala sikuihangaikia. Nyumbani nikaweka Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, nikafunga diski nzima kwa nywila. Hatua ya kuchagua kibodi niliipita tu, ikabaki ya Kimarekani. Nywila nikaiandika huku natazama vitufe: mzizi-mbuyu. (Nimeshaibadilisha, msijisumbue.)

Baadaye nikachoka kubonyeza Z ikatoka Y. Nikafungua faili la mpangilio wa kibodi, /etc/default/keyboard, nikabadili us (Kimarekani) iwe de (Kijerumani), nikasahau. Wiki kadhaa mbele nikasasisha mfumo, nikawasha upya, nikaandika nywila. Imekataa. Nikarudia polepole, kidole kimoja kimoja. Imekataa tena. Skrini inaonyesha vitone tu, na humo ndani kuna kazi za wateja za miezi mitatu.

Nikampigia jamaa yangu anayeijua Linux.

"Kaka, kibodi ya wapi hiyo?"

"Ya Mjerumani."

"Basi siku ile unaweka nywila, Z yako haikuwa Z."

Nikachukua kalamu. Kompyuta haisomi kilichochorwa juu ya kitufe, inajua tu kitufe kipo wapi. Herufi inaamuliwa na mpangilio uliowekwa. Z ya Mjerumani imekaa pale Mmarekani alipoweka Y, na kistari kimekaa penye alama ya /. Kumbe siku zote hizo nywila yangu halisi ilikuwa myiyi/mbuzu! Kusasisha kulijenga upya kile kimfumo kidogo kinachowaka kabla diski haijafunguka, na safari hii kikabeba mpangilio wa Kijerumani.

Alama ya / kwa Mjerumani ni Shift na 7. Nikaandika myiyi/mbuzu, nikabonyeza Enter. Ikafunguka. Nilikaa kimya kidogo.

Kabla hata ya chai nikaongeza nywila ya pili kwa amri ya cryptsetup luksAddKey, maana LUKS, ile kufuli ya diski kwenye Linux, inakubali zaidi ya moja. Nikazima, nikawasha, nikaijaribu, ndipo nikaifuta ile ya zamani. Mpya ni maneno matano yasiyo na Z, Y wala alama yoyote, nafasi tu katikati. Wenzetu wa Bujumbura wenye kibodi za Kifaransa wana kazi zaidi: kwao A, Q, W, Z na M zote zimehama, na tarakimu zinataka Shift. Hebu tunga sentensi ya Kiswahili bila A.